Kabla ya kukata masega, tafuta kilichoyaua

Gari likianza kukosa nguvu mlimani na mashine ya kupimia ikatoa msimbo P0420, ule unaoyatilia shaka masega, ushauri unaotolewa haraka kuliko mwingine wowote katika gereji zetu ni kukata masega. Grainda inawashwa, chombo kinapasuliwa au kinaondolewa kabisa, bomba tupu linachomelewa mahali pake, na jioni ileile mwenye gari anaondoka akisifu wepesi wa gari lake. Ninafanya kazi ya ufundi wa magari madogo ya petroli hapa Morogoro, na magari ya namna hiyo huletwa kwangu baada ya muda yakiwa na maradhi yaleyale yaliyoyaharibu masega tangu mwanzo, ila sasa yamekomaa: ringi zimekwisha, koili imekufa, gasketi ya silinda hedi imeungua. Ni nadra masega kufa kwa ugonjwa wake yenyewe. Kwa kawaida huuawa na kitu kingine kilicho kwenye injini, na kitu hicho kisipotafutwa, hata masega mapya yaliyonunuliwa kwa bei kubwa yatakwenda njia hiyohiyo.

Kwa wasioyafahamu, masega ni kile chombo cha chuma kilichotuna kwenye bomba la ekzosi, kati ya injini na sailensa. Katika magari mengi madogo ya Kijapani tunayoendesha, Vitz ikiwa mojawapo, yamewekwa karibu kabisa na injini, yakiwa yameungana na manifodi, ili yapate joto upesi. Ndani yake mna kipande cha kauri chenye vitundu vidogo vya mraba vinavyopitiliza kutoka upande mmoja hadi wa pili, na ni kawaida kukuta vitundu vipatavyo 400 katika inchi moja ya mraba. Kuta za vitundu hivyo zimepakwa alumina, na juu ya alumina zimetawanywa chembe ndogo mno za platinamu, paladiamu na rodiamu. Madini hayo ni vichocheo, yaani huharakisha mabadiliko ya kikemia bila yenyewe kutumika. Moshi unapopita, kaboni monoksaidi hugeuzwa kuwa kaboni dioksaidi, mabaki ya petroli ambayo hayakuungua huunguzwa yakawa maji na kaboni dioksaidi, na oksaidi za nitrojeni huvunjwa ikabaki nitrojeni, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya hewa tunayoivuta.

Kazi hiyo haifanyiki bila masharti. Masega huanza kufanya kazi yakishafika joto la nyuzi 250 hadi 300 za Selsiasi, na hufanya kazi vizuri pale tu mchanganyiko unaoingia kwenye injini unapokuwa karibu na sehemu 14.7 za hewa kwa sehemu moja ya petroli, kwa uzito. Ndiyo maana kuna sensa ya oksijeni kabla ya masega, inayoiarifu kompyuta ya gari wakati wote iongeze au ipunguze mafuta. Ukiyaelewa masharti hayo, sehemu kubwa ya sababu za kufa kwa masega zinajieleza: ama joto limepita kiasi, ama mchanganyiko umeharibika, ama kuna kitu kigeni kimekuja kuyafunika yale madini yasiguswe na moshi.

Adui ninayemkuta mara nyingi kuliko wote ni injini inayomisi. Plagi ikichoka, koili ikipata ufa, nozeli ikichafuka au valvu isipofunga sawasawa, petroli na hewa ya silinda ile husukumwa kwenye ekzosi bila kuungua. Vitu hivyo viwili vinapoyafikia masega yaliyokwisha kupata moto, huwaka humo humo, na moto uliopaswa kuisukuma pistoni sasa unayachoma masega. Joto ambalo katika hali ya kawaida huwa kati ya nyuzi 400 na 800 linaweza kupita 1,000 kwa muda mfupi, hasa gari likiwa na mzigo au likipanda mlima. Hapo zile chembe za platinamu na wenzake huanza kuungana na kuwa vibonge vikubwa, na sehemu ya kugusana na moshi ikapungua sana. Joto likiendelea kupanda hadi kupita nyuzi 1,400, kauri yenyewe huyeyuka, vitundu vikafumbana, na moshi ukakosa pa kupita.

Kwa sababu hiyo watengenezaji wa magari waliweka tofauti kati ya taa ya injini inayowaka tuli na taa ya injini inayowaka na kuzima. Taa tuli inakuambia kuna hitilafu, panga safari ya gereji. Taa inayowaka na kuzima, katika magari yenye mfumo wa kujipima, maana yake ni kwamba injini inamisi kwa kiwango kinachoweza kuyaharibu masega wakati huohuo unapoendesha. Madereva wengi niliozungumza nao hawakuwa wamewahi kuelezwa jambo hilo, na wengi huendelea na safari kutoka Dodoma hadi Dar es Salaam taa ikimeta njia nzima. Ikitokea hivyo, punguza mwendo, usikanyage mafuta kwa nguvu, na ikiwezekana simama, utafute fundi hapohapo au uvutwe. Gharama ya kuvutwa ni ndogo kuliko bei ya masega.

Kuna tabia moja ya sisi mafundi ambayo lazima niiseme wazi. Tukitaka kujua silinda ipi haichomi, tunachomoa koili moja baada ya nyingine injini ikiwa inanguruma, tukisikiliza mlio unavyobadilika. Njia hiyo inatoa jibu, lakini kila koili inapochomolewa, nozeli ya silinda ile inaendelea kumwaga petroli ambayo haina wa kuiwasha, nayo inakwenda moja kwa moja kwenye masega. Jibu lilelile linapatikana kwa kuchomoa soketi ya nozeli badala ya koili, kwa kuwa hapo mafuta yanakatika pamoja na mwako. Vivyo hivyo kwa gari la gia za mkono linalosukumwa ili liwake: likiwaka kwa msukumo wa kwanza hakuna neno, lakini likisukumwa barabara nzima huku limegoma, petroli yote iliyomwagwa inajikusanya kwenye ekzosi ikisubiri cheche.

Baada ya kumisi, huja mchanganyiko wenye mafuta mengi kupita kiasi. Hapa injini haimisi kwa namna ya kusikika, na dereva anaweza asihisi chochote zaidi ya kulalamika kwamba gari linakula mafuta. Nozeli inayovuja, kirekebisha presha ya mafuta kilichokwama, sensa ya hewa iliyochafuka au sensa ya oksijeni iliyozeeka inaweza kuifanya kompyuta imwage petroli kuliko inavyohitajika. Masega huunguza ziada hiyo na kuchemka kupita kawaida, au huanza kujaa masizi. Kwenye mashine ya kupimia, angalia marekebisho ya mafuta ya muda mrefu: yakisomeka hasi kwa zaidi ya asilimia 10, kompyuta inajitahidi kupunguza mafuta na kuna kitu kinachoishinda nguvu.

Sababu mojawapo ya hali hiyo tumeitengeneza sisi wenyewe katika nchi zetu za joto. Ni ile desturi ya kutoa themostati, valvu inayoyazuia maji ya rejeta yasizunguke hadi injini ipate joto, na kuitupa, kwa hoja kwamba nchi hii ina joto na injini inahitaji maji yazunguke muda wote. Themostati ikiondolewa, injini hukawia sana kufika nyuzi 80 na kitu ilizokusudiwa, na katika safari ya barabara kuu yenye upepo, hasa alfajiri au katika mikoa ya baridi kama Njombe na Mbeya, huenda isizifikie kabisa. Sensa ya joto la maji inaiambia kompyuta kwamba injini bado ni ya baridi, na kompyuta, ikitii ilivyofundishwa, inaendelea kuongeza petroli kama inavyofanya gari linapowashwa asubuhi. Nimeona magari yenye injini nzima, plagi nzuri na sensa zisizo na kasoro, ambayo masega yake yamejaa masizi meusi kwa sababu ya kifaa hicho kimoja kidogo kilichotolewa. Kama rejeta inachemsha, tafuta kwa nini inachemsha. Kuitoa themostati hakuziondoi sababu hizo.

Oili ndiyo muuaji wa polepole, na kwa magari yenye umri wa haya tunayoagiza ndiye anayenisumbua zaidi. Karibu kila oili ya injini huwekwa kiambato chenye zinki na fosforasi kwa ajili ya kuzuia chuma kisilike. Ndani ya injini kiambato hicho ni rafiki. Oili inapopanda kupitia ringi zilizochoka au kushuka kupitia sili za valvu zilizokauka na kuungua pamoja na petroli, fosforasi inatoka na moshi na kutanda juu ya alumina kama tabaka la kioo. Fosforasi ikishashika haiondoki. Jambo hili lilizingatiwa kiasi kwamba viwango vya oili za magari ya petroli vilivyotoka mwaka 2004 vilipunguza fosforasi isizidi asilimia 0.08 kwa oili nyepesi za kisasa. Oili nzito zilizotengenezwa kwa ajili ya malori ya dizeli huwa na kiambato hicho kwa wingi zaidi, nazo ndizo ambazo watu wengi huzijaza kwenye injini ndogo za VVT-i kwa imani kwamba uzito wake utapunguza ulaji wa oili.

Zipo injini zinazojulikana duniani kote kwa kula oili. Toleo la mwanzo la 1ZZ-FE ya Toyota, iliyofungwa kwenye aina nyingi za Corolla, Spacio, Allion na Premio, lilikuwa na matundu madogo ya kurudishia oili kwenye pistoni, na matundu hayo yakiziba kwa uchafu wa oili iliyocheleweshwa kubadilishwa, oili hubaki ukutani mwa silinda na kuungua. Baadaye pistoni zilibadilishwa muundo. Mwenye injini ya namna hiyo asisubiri moshi wa bluu, kwa maana masega mazima huuficha moshi huo kwa kuuchoma, na moshi unapoanza kuonekana mara nyingi masega yamekwisha kushindwa. Kipimo cha kweli ni kijiti cha oili. Jaza hadi alama ya juu gari likiwa mahali pa usawa, andika kilomita, kisha angalia tena baada ya kilomita 1,000. Oili ikiwa imeshuka kwa nusu lita au zaidi, masega yako yako hatarini hata kama gari linavuta vizuri.

Masega yaliyouawa na oili hayafanani na yaliyouawa na moto. Ukiyatoa na kuyaelekeza kwenye jua, yale ya moto yanaonyesha upande mmoja uliobonyea, vitundu vimeungana na kuwa donge linalong'aa kidogo, na mwanga haupiti kabisa sehemu ile. Yale ya oili vitundu vyake vinaweza kuwa wazi vyote, mwanga unapita bila kizuizi, lakini uso wa mbele una ukungu wa kijivu au weupe usiofutika kwa kidole. Gari lenye masega ya aina hii ya pili halikosi nguvu. Linawasha taa tu, au halisemi lolote, kwa kuwa magari mengi yaliyotengenezwa kwa ajili ya soko la ndani la Japani kabla ya mwaka 2008 hayakulazimika kuyapima masega yake kwa undani kama yalivyolazimika magari ya Marekani.

Maji ya rejeta nayo huua kwa njia inayofanana. Gasketi ya silinda hedi ikipitisha, kulanti huingia kwenye silinda, na viambato vyake vya kuzuia kutu, hasa silikati na fosfati, huishia kwenye masega na kwenye sensa ya oksijeni. Kama maji yanapungua na huoni yanapovujia, lishughulikie hilo kwanza. Silikoni ya kuzibia, ile ya tyubu inayopakwa kwenye sampu na kwenye kava la valvu, pia ina aina zinazotoa mvuke unaozidhuru sensa na masega. Kwenye paketi ya aina iliyo salama huandikwa kwamba haidhuru sensa, na inafaa kusoma kabla ya kulipa.

Sasa nizungumzie mafuta yenyewe, kwa sababu hapa lawama nyingi huelekezwa, nyingine kwa haki na nyingine kwa kuonewa.

Kihistoria, mafuta ndiyo yaliyoyachelewesha masega kuja duniani. Eugene Houdry, mhandisi Mfaransa aliyefanya kazi Marekani na kujulikana kwanza kwa matumizi ya vichocheo katika kusafisha mafuta ghafi, alitengeneza kifaa cha namna hii na kukipatia hataza katika miaka ya 1950. Lakini petroli ya wakati ule ilikuwa na risasi, kiambato kilichogunduliwa mwaka 1921 kwa ajili ya kuzuia injini isigonge, na risasi huyafunika madini ya masega kwa muda mfupi sana. Masega yakaingia kwa wingi kwenye magari ya Marekani ya mwaka 1975, pamoja na petroli isiyo na risasi. Kwetu, nchi za Afrika zilizo kusini mwa Sahara zilikubaliana Dakar mwaka 2001 kuachana na petroli ya risasi, na kufikia mwanzoni mwa mwaka 2006 zilikuwa zimeitekeleza ahadi hiyo. Nchi ya mwisho duniani kuacha kuiuza kwa magari ilikuwa Aljeria, mwaka 2021. Kwa hiyo fundi anayekuambia leo kwamba masega yako yameuawa na risasi ya kituo cha mafuta anarudia maneno ya zamani ambayo wakati wake yalikuwa ya kweli.

Mafuta ya taa ni jambo jingine. Uchakachuaji ulikuwa mkubwa kiasi kwamba Tanzania ilianza kuweka vinasaba, yaani alama za kikemia za kuyatambua, kwenye mafuta mwaka 2010 chini ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, na mwaka uliofuata ushuru wa mafuta ya taa ukapandishwa ili faida ya kuyachanganya ipotee. Kenya nayo iliweka tozo ya shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa mwaka 2018 kwa sababu hiyohiyo. Petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa hupunguza uwezo wa kuhimili mgandamizo, injini hugonga, mwako haukamiliki, na masizi pamoja na mabaki mabichi huenda kwenye masega. Tangi moja halitayaua. Kujaza mahali hapohapo kwa miezi mingi kwa sababu ni bei rahisi, au kununua petroli ya madumu ya kandokando ya barabara, kunaweza. Vipo pia viambato vya manganisi vinavyoongezwa kwenye petroli katika baadhi ya nchi. Dalili yake ni unga wa rangi ya kutu kwenye ncha ya plagi, na unga huohuo hujaza mdomo wa masega. Salfa kwa upande wake hupunguza nguvu ya masega kwa muda, na nguvu hiyo hurejea mafuta yakiwa safi na masega yakipata moto wa kutosha. Harufu ya yai bovu kwenye ekzosi mara nyingi ni salfa hiyo ikitolewa na mchanganyiko wenye mafuta mengi, kwa hiyo rudi kwenye sensa na nozeli kabla ya kulaumu kituo.

Mapigo ya nje nitayapitia kwa haraka. Kauri ni ngumu lakini haivumilii kishindo. Gari lililoshushwa chini likipiga tuta, jiwe likirushwa kwenye barabara ya kokoto, au mauntini za injini zikiwa zimekatika na ekzosi nzima ikatikisika, kauri hupasuka ndani ya ganda lake na kuanza kucheza. Utasikia mchakacho kama wa kokoto chini ya gari unapowasha asubuhi. Kupita kwenye maji mengi, kama yale ya bonde la Jangwani, Dar es Salaam, wakati wa masika, masega yakiwa ya moto, kunaweza pia kuyapasua kwa mabadiliko ya ghafla ya joto. Na kwa wanaoegesha gari juu ya majani makavu kiangazi: joto la chombo hicho linatosha kuyawasha majani.

Kauri iliyovunjika haifai kuachwa, hasa pale masega yalipo karibu na injini. Vumbi lake linaweza kuvutwa kurudi ndani ya silinda wakati valvu za ekzosi na za hewa zinapokuwa wazi pamoja kwa kitambo, likakwaruza kuta za silinda. Injini za QR25DE za Nissan, zilizomo kwenye X-Trail nyingi za hapa kwetu, zinafahamika kwa tatizo hilo. Mtu akiona injini imeanza kula oili baada ya masega kuvunjika, asidhani ni mambo mawili tofauti.

Kabla ya kuhukumu, pima. Msimbo P0420 hausemi kwamba masega yamekufa. Unasema kwamba sensa ya pili, iliyo baada ya masega, inasoma mabadiliko ya oksijeni yanayofanana mno na yale ya sensa ya kwanza. Tundu dogo kwenye ekzosi kabla ya sensa au gasketi ya manifodi iliyoungua huingiza hewa ya nje na kutoa picha hiyohiyo, na sensa ya pili ikiwa imechoka hutoa ushahidi wa uongo. Msimbo huo ukija pamoja na P0300 hadi P0304, shughulikia kumisi kwanza. Ukija na P0172, tafuta mafuta yanayozidi.

Mwaka jana mwalimu mmoja wa Iringa aliniletea gari ambalo lilikuwa likishindwa kupanda mlima wa Kitonga. Kwenye tambarare lilikwenda, ila kwenye zile kona za kupanda lilishuka hadi mwendo wa malori, na hata akikanyaga pedeli hadi sakafuni mshale wa mizunguko haukupita 3,000. Huko alikotoka alikuwa amekwisha kubadilishiwa pampu ya mafuta na filta zake, na gari halikubadilika. Nilifungua sensa ya kwanza ya oksijeni, nikafunga geji ya presha kwenye tundu lake, nikawasha. Injini ikiwa inanguruma tu, geji haipaswi kuzidi psi moja na nusu hivi, na kwenye mizunguko 2,500 isizidi psi 3. Ya mwalimu ilianza na 4, na nilipoiongezea injini mafuta ikapanda polepole hadi karibu na 9, ikatulia hapo. Injini ile ilikuwa kama mtu anayeambiwa akimbie huku amezibwa pua. Tulipoyashusha masega, theluthi mbili za uso wa mbele zilikuwa zimeyeyuka na kuinamia upande mmoja, na plagi ya silinda ya tatu ilitoka ikiwa imelowa, nyeusi, inanuka petroli. Koili yake ilikuwa na mstari mwembamba wa ufa ambao cheche ilikuwa ikipitia na kupotelea kwenye hedi. Nilimwonyesha vitu vyote viwili kwa pamoja, masega mkono mmoja na koili mkono wa pili. Kama angekatiwa masega tu, Kitonga angeipanda, lakini gari lingeendelea kula mafuta na kumisi, na petroli mbichi ingeendelea kuiosha oili kwenye ukuta wa silinda ile hadi ringi zikwishe.

Watu huniuliza kwa nini nasisitiza hivi ilhali gari lisilo na masega linatembea. Ni kweli linatembea. Lakini kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu, na gari lenye bomba lililochomelewa vibaya chini ya sakafu linaweza kuiingiza ndani walimokaa watoto, vioo vikiwa vimefungwa kwenye foleni. Wanaosimama kituoni kusubiri daladala wanavuta moshi wetu kila siku, nao hawakuulizwa. Nayachukulia haya kuwa sehemu ya kazi yangu sawasawa na breki.

Jambo la pili ni la fedha. Masega yana thamani hata yakiwa yamekufa, kwa kuwa madini yake hurejeshwa kiwandani. Rodiamu, ambayo kwa sehemu kubwa huchimbwa Afrika Kusini, ilipita dola 20,000 kwa aunsi mwaka 2021, na tangu hapo wanunuzi wa masega wamekuwa wakizunguka kwenye gereji mji hadi mji. Bei imeshuka sana baadaye, lakini biashara haijakoma. Fundi anayekutolea masega bure, au anayekupunguzia bei ya kazi ili abaki nayo, anapata malipo mahali pengine. Usikubali kukatwa masega mazima kwa sababu ya taa, na yakitolewa kwa haki, ondoka nayo. Ni mali yako, na ukiyauza pesa yake itasaidia kununua mengine.

Kuhusu kuyaosha, masizi makavu yanaweza kupungua, na wakati mwingine safari ndefu ya mwendo wa wastani baada ya kurekebisha mchanganyiko inatosha kuyaunguza. Kauri iliyoyeyuka haioshwi. Fosforasi na silika hazitoki kwa sabuni, wala kwa dawa inayomwagwa kwenye tangi.

Yakilazimu kubadilishwa, mwenye uwezo anunue mapya yaliyotengenezwa kwa ajili ya injini yake hasa. Wengi wetu tunanunua yaliyotumika kutoka kwenye spea za Japani, na si vibaya, ilimradi uyaangalie kwenye mwanga pande zote mbili, uyatikise karibu na sikio, na ukatae yenye ukungu mweupe mbele. Muulize muuzaji yametoka kwenye injini gani. Usifunge hadi plagi zote zimetolewa na kutazamwa, oili imepimwa kwa kilomita 1,000, na marekebisho ya mafuta yanasomeka karibu na sifuri injini ikiwa na joto kamili. Weka gasketi mpya za ekzosi, kwa kuwa za zamani zikivuja zitarudisha msimbo uleule. Kisha futa misimbo, endesha mjini na barabara kuu kwa wiki moja au mbili, na urudi kwenye mashine kutazama sensa ya pili: mstari wake ukiwa umetulia karibu na voti 0.6 au 0.7 wakati wa kwanza ukipanda na kushuka, masega yanafanya kazi.